Mwenye Mamlaka na Deni la Ukweli

Liko swali ambalo kila aliyepata kuketi barazani, au kusimama mbele ya baraza akiomba jambo, hana budi kujiuliza. Mtu aliyechaguliwa kwa haki, mwenye mapatano yaliyotiwa sahihi kwa haki, mwenye polisi na korti upande wake, je, aweza hata hivyo kuwa amewadhulumu watu wake? Na mwananchi asimamaye mbele yake na kusema, "Hapana," tumwiteje: mwasi, au mlinzi wa mali ya wote?

Wako wajibuo upesi. Wengine husema mkubwa ni mkubwa, aliyepewa kazi aachwe aifanye. Wengine husema wakubwa wote ni wale wale, na kila apingaye amesema kweli. Majibu haya mawili yana kasoro moja: yote yanakwepa taabu ya kulitazama jambo lenyewe. Sisi leo twataka kulitazama katika kisa kilichotokea mbali, katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Ni kisa cha miti, cha kipepeo mmoja mdogo, na cha baraza la mji. Kilianza mwaka 2012, na maneno yake ya mwisho yaliandikwa mwaka 2023.

Sheffield ni mji uliojulikana duniani kwa visu na chuma cha pua. Lakini wenyeji wake hujivunia pia kitu kingine, yaani miti. Kando ya barabara za mji ilisimama miti ipatayo 36,000, na mingi katika hiyo ilipandwa na watu waliokwisha kufa zamani.

Tuanze kwa kulitendea baraza haki. Barabara za mji zilikuwa mbovu kwa miaka mingi, na wenyeji wenyewe ndio waliolalamika. Mizizi ya miti iliinua mawe ya njia za waendao kwa miguu. Mzee mwenye mkongojo alijikwaa; mama mwenye kigari cha mtoto alilazimika kushuka penye magari; mlemavu katika kiti chake cha magurudumu alishindwa kupita. Mwaka 2012 baraza likafanya mapatano na kampuni ya Amey, mapatano ya miaka 25 yenye thamani ya pauni bilioni 2.2, ili barabara, taa, njia za miguu na miti vitengenezwe na kutunzwa. Mti ungeweza kukatwa ikiwa umekufa, unakufa, una ugonjwa, ni wa hatari, unaharibu njia, au unawazuia watu dhaifu wasipite. Kila ukatwao, mwingine mchanga ungepandwa badala yake. Nani angekataa? Diwani aliyeinua mkono kuyakubali mapatano hayo yamkini aliamini kwa moyo safi kwamba amewatendea watu wake mema.

Lakini misumeno ilipoanza kulia mtaa kwa mtaa, watu waliona jambo lililowashangaza. Iliyoanguka haikuwa ile iliyokufa na kuoza tu. Ilianguka pia miti mizima yenye afya, kwa kosa la kuinua jiwe moja au mawili ya njia.

Katika barabara ya Chelsea ulikuwapo mti wa elmu wenye umri upatao miaka mia moja. Yafaa msomaji ajue kwa nini mti mmoja uwe na thamani kubwa hivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu, uenezwao na mbawakawa, uliua mamilioni ya miti ya elmu katika Uingereza. Pamoja na miti hiyo alipungua sana kipepeo mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye mstari mweupe chini ya bawa uliopindika kama herufi W. Kiwavi wake hali mti mwingine ila elmu. Elmu ikiondoka, naye huondoka. Mti wa barabara ya Chelsea ulikuwa umeponyoka ugonjwa ule, na kipepeo yule akafanya makao ndani yake. Sasa mti huo ukaandikiwa kukatwa kwa sababu mizizi yake ilisumbua njia.

Katika barabara ya Western ilikuwapo miti iliyopandwa mwaka 1919 kuwa ukumbusho wa wanafunzi wa zamani wa shule ya pale waliokwenda katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadhi ya miti hiyo nayo ikaandikwa katika orodha. Mwanadamu hupanda mti penye jina la marehemu wake kwa kuwa mti waishi, nalo jiwe haliishi. Kuukata ni kugusa kitu kingine zaidi ya mbao.

Wenyeji hawakuanza kwa vurugu. Waliandika barua, wakakusanya sahihi, wakaonana na madiwani, wakaenda hata Mahakama Kuu mwaka 2016, wakashindwa. Baraza liliunda jopo la watu wenye ujuzi ili liupime kila mti ulioletewa malalamiko. Lilikuwa jambo jema. Lakini mara nyingi jopo liliposema, "Mti huu waweza kubaki," baraza lilijibu kwamba hauwezi. Ndipo watu wakaanza kusimama chini ya miti, maana mfanyakazi hawezi kukata mti wenye mtu chini yake. Wengine walijibandika kwenye kuta kando ya miti, wakajiita mijusi.

Tarehe 17 Novemba 2016, kabla ya mapambazuko, polisi na wakata miti walifika katika barabara ya Rustlings, wakawaamsha wenyeji waondoe magari yao. Miti minane ikakatwa. Jopo lilikuwa limeshauri kwamba saba kati ya ile minane ingeweza kuokolewa, nao ushauri huo ulitangazwa alfajiri ile ile, misumeno ikiwa tayari njiani. Watu watatu walikamatwa, wawili kati yao wakiwa wanawake wenye umri wa miaka 70 au zaidi. Mashtaka yaliyofuata yaliachwa baadaye. Lakini ndugu msomaji, jiulize: kazi njema ifanywayo kwa ajili ya wananchi, kwa nini ifanywe gizani, wenyewe wakiwa wamelala?

Agosti 2017 Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuwakataza watu kuingia ndani ya uzio uliowekwa kuizunguka miti. Wako walioitii amri hiyo na wako walioivunja. Baadhi walipelekwa mahakamani, wakapewa vifungo vya nje. Mwanzoni mwa mwaka 2018 polisi kwa makumi na walinzi wa kukodiwa walipelekwa kulinda ukataji wa miti. Machi mwaka huo kazi ikasimamishwa. Zaidi ya miti 5,000 ilikuwa imekwisha kuanguka.

Mwezi ule ule likafunuliwa jambo ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Baada ya wananchi kudai kwa muda mrefu, sehemu za mapatano zilizokuwa zimefichwa zilitolewa hadharani. Humo ilikutwa hesabu: miti 17,500, karibu nusu ya miti yote ya barabarani, ingeondolewa na kupandwa mingine kabla ya miaka 25 kwisha, isipokuwa baraza lenyewe likiruhusu vingine. Kwa miaka yote ile watu walikuwa wameambiwa kwamba kila mti huamuliwa kwa hali yake, na kwamba kukata ni njia ya mwisho kabisa.

Sasa tufikiri pamoja. Wengi husema ugomvi huu ulikuwa kati ya wapendao miti na wapendao barabara, au kati ya kipepeo na mlemavu. Kama ungekuwa hivyo, ungekuwa ugomvi wa heshima. Mambo mawili mema yakikutana njiani, watu waungwana huketi wakapima. Mtu aweza kusema, "Naupenda mti huu, lakini jirani yangu hawezi kupita, basi na ukatwe." Mwingine aweza kusema, "Njia yasumbua kidogo, lakini tutaivumilia kwa ajili ya kilichochukua miaka mia kukua." Yeyote kati yao aweza kukosea katika kupima, na bado akabaki mtu wa haki.

Lakini kupima kwahitaji mizani isiyochezewa. Mwananchi alipoleta hoja zake juu ya mti mmoja, alidhani yuko mbele ya hakimu ambaye hajaandika hukumu. Kumbe jumla ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kila mti uliookolewa uliipunguza hesabu iliyoahidiwa. Hapo ndipo ilipo dhuluma. Kumnyima mtu alichokiomba si lazima kuwa kumdhulumu, maana wakubwa hawawezi kumpa kila mtu kila kitu. Kumfanya abishane, aandike, alie, asubiri, hali ukijua kwamba maneno yake hayana mahali pa kuingia, huko ni kumdharau. Ni kumtendea kama mtoto anayebembelezwa mpaka alale.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria haiwi sheria kwa sababu tu mwenye nguvu ameitaka. Alitaja mambo manne: iwe ni agizo la akili, ilenge manufaa ya wote, itoke kwake yeye aitunzaye jamii, tena itangazwe. Jambo hili la nne twalipita upesi kana kwamba ni dogo. Kisa cha Sheffield chaonyesha uzito wake. Kanuni iliyotangazwa barabarani ilikuwa moja: kila mti kwa hali yake. Kanuni iliyoandikwa katika hati iliyofungiwa ilikuwa nyingine: miti 17,500. Watu waliitwa kuitii ile ya kwanza, huku iliyokuwa ikivuta kamba ni ya pili. Mtu aweza kuitii amri asiyoipenda, lakini hawezi kuwa mwananchi kamili chini ya kanuni asiyoijua.

Yatupasa pia tulisikilize baraza litakapojitetea. Litasema: "Tulikuwa tumefungwa na mapatano. Ahadi ni deni, na kuivunja kungewagharimu walipa kodi." Neno hili lina ukweli, wala hatupendi baraza livunjalo ahadi zake. Lakini lazima tuulize ahadi ile ilisemaje. Ilisema miti 17,500, isipokuwa baraza lenyewe likiruhusu vingine. Mlango ulikuwapo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baraza. Si haki kwa mtu mwenye ufunguo kuwaambia walio ndani kwamba naye amefungiwa. Tena, aliyepewa mamlaka na watu hana ruhusa ya kuyafunga mamlaka hayo kwa siri, kisha akawajibu waliompa kwamba mikono yake haina nafasi.

Litasema pia: "Kila mti tuliokata, tulipanda mwingine." Ni kweli, na kupanda ni jambo jema. Lakini hapa pana hesabu ya udanganyifu. Mti mmoja na mti mmoja huonekana sawa katika daftari. Mbele ya kipepeo ambaye mwaka huu atafuta mahali pa kutaga mayai, mche wa miaka mitatu na elmu ya miaka mia si sawa hata kidogo. Fedha hununua miche, haziwezi kununua miaka. Kwa hiyo mtu aharibuye kitu kilichofanywa na wakati, yampasa awe na sababu kubwa kuliko aharibuye kitu awezacho kukitengeneza tena mwaka ujao. Hatusemi kamwe kisiharibiwe. Twasema sababu yake ipimwe kwa mizani nzito zaidi.

Je, na wale walioivunja amri ya korti? Hapa twataka kusema kwa uangalifu. Korti ndiyo kimbilio la mnyonge; akiidharau leo kwa kuwa imemnyima, kesho hatakuwa na mahali pa kukimbilia. Si kila hasira ni dhamiri, na si kila anayejiita mtetezi wa haki ameitafuta haki kabla ya kuanza kuitetea. Hata katika Sheffield hawakukosekana waliowatupia wafanyakazi maneno makali, hali wale walikuwa watu wanaotafuta riziki. Jambo hilo hatulisifu. Walakini pana tofauti kubwa kati ya mtu avunjaye amri gizani ili apate faida, na yule asimamaye mchana, bila silaha, akataja jina lake, akaikubali adhabu. Huyu wa pili, hata akiwa amekosea, bado anaikiri mamlaka ya sheria. Anachoiomba ni kwamba itazame tena.

Hatia nzito iko kwingine. Machi 2023 uchunguzi ulioongozwa na Sir Mark Lowcock, mtu aliyepata kuwa mkuu wa misaada ya dharura katika Umoja wa Mataifa, ulitoa ripoti yake. Ilionyesha kwamba baraza liliwapotosha wananchi, likalipotosha jopo lake lenyewe, na hata mahakama. Tulitafakari neno hili. Jaji alihukumu kwa kadiri ya alivyoambiwa. Mwananchi aliitii hukumu, au aliadhibiwa kwa kutoitii. Aliyeichafua sheria kuliko wote ni yule aliyeipelekea korti maneno yasiyokuwa kweli, kisha akaja na hukumu yake mkononi akidai heshima. Uasi wa aliyesimama chini ya mti uliishia pale mtaani, lakini uongo uliopelekwa kwa jaji uliingia katika kisima wanachotekea watu wote.

Kisa hiki kilikwishaje? Mwishoni mwa mwaka 2018 pande mbili ziliketi kuzungumza. Miti iliyokuwa katika orodha ilitazamwa upya na watu wa pande zote, na ikaonekana kwamba mingi ingeweza kubaki: kwa kuchonga kidogo mzizi, kwa kuweka jiwe jembamba la ukingo, kwa kulainisha njia kuuzunguka mguu wa mti. Elmu ya barabara ya Chelsea ikaokoka. Mei 2021 wananchi walipiga kura ya kubadili namna ya kuuongoza mji, ili maamuzi yasiwe tena mikononi mwa viongozi wachache bali yafanywe na kamati za madiwani. Karibu theluthi mbili wakakubali. Na Juni 2023, baada ya ripoti, baraza likaomba radhi kwa maandishi.

Wako wanaocheka baraza likiomba radhi. Husema maneno hayaotoshi tena mti uliokatwa. Ni kweli, hayauoteshi. Lakini tusilidharau jambo hili, maana ni adimu. Mtu mmoja akitubu, anajua ni nani aliyekosa. Baraza ni watu wengi, na kwa hiyo ni rahisi kosa likose mwenyewe: mwanasheria alishauri, afisa aliandika, diwani alipiga kura, mkandarasi alikata. Kila mmoja ana karatasi imwoneshayo kwamba si yeye. Basi baraza lisemapo, "Ni sisi," linafanya jambo gumu na la lazima, maana bila ya hilo uongo hubaki hauna baba, na mtoto asiye na baba huzaa wengine. Hata hivyo radhi ni mwanzo wa malipo. Yeye aliyeharibu imani ya watu hairudishi kwa tamko moja. Huirudisha kwa miaka ya kusema kweli, hasa katika mambo madogo na hasa wakati ukweli unapomgharimu.

Tukilirudia swali letu la kwanza, jibu letu ni hili. Ndiyo, mwenye mamlaka halali, akifuata mapatano halali, aweza kuwadhulumu watu wake. Na njia ya upesi kuliko zote ya kufika huko ni kuwaficha sababu za kweli za anayoyatenda. Mamlaka humpa haki ya kuamua. Haimpi haki ya kujifanya bado anasikiliza baada ya kuamua.

Ninyi mketio katika mabaraza, makubwa na madogo, msiogope kumwambia mwananchi, "Tumeamua, na sababu ni hizi." Atakasirika, lakini atajua amekutana na mtu. Kabla ya kutia sahihi karatasi, jiulizeni kama mngeweza kuisoma kwa sauti mbele ya watu walewale itakaowagusa. Ikiwa hamwezi, kasoro imo katika karatasi na si katika masikio ya watu.

Ninyi mteteao miti, wanyama au kisima cha kijiji, mkumbukeni mlemavu asiyeweza kupita. Yeye naye ni jirani yenu, na kilio chake hakipungui ukweli kwa sababu wengine wamekitumia vibaya. Tafuteni njia ya kumpitisha yeye na kuubakiza mti. Katika Sheffield njia hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, ikakosa tu watu wa kuketi pamoja kuitafuta.

Na sisi tulio wengi, tusioketi barazani wala kusimama chini ya miti, sehemu yetu ni ipi? Ni kuuliza. Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Hesabu ya 17,500 ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 2012, ikajulikana mwaka 2018. Katika miaka ile sita kila aliyeuliza aliwapunguzia wafichaji mahali pa kuificha, na kila aliyenyamaza aliwaongezea. Mwenye mamlaka anadaiwa ukweli na watu wake. Lakini deni lisilodaiwa husahauliwa upesi, nasi ndio wenye kulidai.